Leseni Ikisimamishwa, Bima ya Gari Haisimami

Mahakama inaposimamisha leseni ya dereva, kuna wamiliki wa magari wanaoacha kulipia bima kwa kuwa wao hawataendesha tena, ilhali gari linaendelea kupeleka mazao sokoni likiwa na dereva mwingine. Wengine huendelea kuendesha wenyewe, wakiamini cheti cha bima kinawatosha. Wote wamo hatarini.

Leseni ni ya mtu, bima ni ya gari. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima. Pikipiki za bodaboda zimo pia. Kiwango cha chini ni bima ya mtu wa tatu, ambayo hulipia kifo au majeraha ya watu wengine, na sheria imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa mdai mmoja. Haimlazimishi mtu kukatia bima gari lake mwenyewe lisiharibike.

Kiwango hicho hakibadiliki dereva anaposimamishiwa leseni. Sheria hiyo haina bima ya pekee ya kumruhusu aendelee kuendesha. Hata akilipia bima kubwa, bado haruhusiwi kushika usukani.

Tuseme mwenye pikapu, akiwa amesimamishiwa leseni, anaamua kuendesha kilomita mbili tu hadi dukani, kisha anamgonga mtu. Mikataba mingi ya bima huwa na sharti kwamba dereva awe na leseni na asiwe amepigwa marufuku kuendesha. Kampuni inaweza kulazimika kumlipa aliyejeruhiwa, halafu ikamgeukia mwenye pikapu imdai fedha hizo. Fidia ikipita Sh3 milioni, kiasi kinachozidi ni mzigo wake. Shamba au nyumba inaweza kuuzwa kulipa deni hilo. Na ikiwa pikapu ina bima kubwa, huenda asilipwe gharama za kuitengeneza. Kesi ya kuendesha bila leseni halali nayo inamsubiri.

Anayemkabidhi ufunguo mtu aliyesimamishiwa leseni hawezi kujitetea kwamba hakuwa kwenye usukani. Hili linawahusu hasa wenye matatu na bodaboda wanaoajiri madereva: leseni ikaguliwe mara kwa mara, si siku ya kuajiriwa pekee.

Aliyesimamishiwa leseni anashauriwa kusoma upya mkataba wake wa bima, hasa sehemu inayoeleza nani anaruhusiwa kuendesha, kisha aiarifu kampuni kwa maandishi. Kama gari litaendelea kutumika, bima isikatike hata siku moja, na anayeliendesha awe na leseni ya aina hiyo ya gari. Wakati wa kulipia bima upya, akiulizwa kuhusu leseni aseme ukweli, kwa sababu kampuni inaweza kutumia jibu la uongo kuukana mkataba.

Masuala ya leseni hushughulikiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), wala si afisi za kaunti. Malalamishi dhidi ya kampuni za bima hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA).