Ungamo la Faragha na Neno la Ondoleo

Mchungaji huongoza maungamo ya pamoja Jumapili kwa Jumapili, na huenda miaka ikapita asijiwe na mtu hata mmoja atakaye kuungama peke yake. Wengi hudhani kwamba Matengenezo ya Kanisa yaliliondoa ungamo la faragha. Dhana hiyo si sahihi.

Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliamuru kila mwamini mwenye umri wa kupambanua mema na mabaya aungame dhambi zake zote kwa padre walau mara moja kwa mwaka. Luther alilipinga sharti, si ungamo lenyewe. Aliporejea Wittenberg Machi 1522 alihubiri kwamba mtu asilazimishwe kuungama. Hata hivyo yeye binafsi hakuwa tayari kunyang'anywa ungamo la faragha, kwa maana alijua faraja aliyoipata humo. Ungamo la Augsburg la 1530, Kifungu cha 11, linaagiza ondoleo la faragha lidumishwe, bali si lazima kuzihesabu dhambi zote. Kwa kuwa, kama Zaburi 19:12 inavyotufundisha, hakuna awezaye kuzitambua zote.

Katekisimo Ndogo inataja sehemu mbili za ungamo: kuziungama dhambi, na kupokea ondoleo kwa mchungaji kana kwamba latoka kwa Mungu mwenyewe. Uzito umo katika sehemu ya pili. Msamaha ungalitegemea ukamilifu wa orodha au wingi wa machozi, dhamiri isingalipata amani kamwe. Lakini unategemea agizo la Kristo (Yohana 20:23), nasi twalipokea kwa imani.

Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukawafikia pia Walutheri wa Kagera, uliwafundisha wengi kuungama hadharani. Hiyo ni karama. Hata hivyo ziko dhambi ambazo zikitajwa mbele ya watu humjeruhi mtu wa tatu asiye na hatia. Vivyo hivyo, nidhamu ya kanisa humrudisha kundini aliyetengwa. Lakini kurudishwa ni tendo la usharika, na ondoleo ni neno la Mungu. Mtu aweza kuandikwa tena kitabuni, akaenda nyumbani bila kuambiwa kwamba amesamehewa. Nathani hakumkawiza Daudi namna hiyo: mfalme alikiri kwa maneno machache, na papo hapo akatangaziwa kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake (2 Samweli 12:13).

Basi mchungaji na atenge saa inayojulikana na washarika. Asiulize kwa udadisi, wala asitoe siri nje. Asiishie kutoa mashauri. Alitamke ondoleo waziwazi. Naye mwenyewe awe na mchungaji wa kumwungamia, kwa sababu hata anayewatangazia wengine msamaha hawezi kujitamkia mwenyewe. Hana budi kuusikia kinywani mwa ndugu.