Lugalo 1891: Mkuki Uliponyima Bunduki Nafasi

Mapigano ya Lugalo, mashariki ya Iringa, tarehe 17 Agosti 1891, yaliwapa Wajerumani kipigo kikubwa katika koloni lao la Afrika Mashariki. Kamanda wao, Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo, aliingia Uhehe, nchi ya Wahehe, na askari wenye bunduki za kisasa na mizinga. Wapiganaji wa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walitegemea zaidi mkuki na ngao.

Bunduki ina nguvu pale mpigaji anapopata umbali wa kulenga na muda wa kujipanga. Wahehe walichagua mahali palipokosesha vyote viwili. Wapiganaji wapatao 3,000, wakiongozwa na Mpangile, nduguye Mkwawa, walijificha kando ya njia, vichakani na nyuma ya mawe. Msafara ulipita kwa safu ndefu, mtu nyuma ya mtu, na mizinga ilikuwa ingali mizigo. Mlio wa bunduki ukatoa ishara, na Wahehe wakaingia katikati ya safu kabla askari hawajajipanga. Zelewski na Wazungu wengine waliuawa pamoja na askari na wapagazi wengi. Bunduki zipatazo 300 zilitekwa.

Makao makuu ya Mkwawa, Kalenga, yalilindwa kwa njia nyingine: ukuta mrefu wa mawe. Katika karne ya 15, Jan Žižka, jemadari wa Bohemia katika nchi ya Wacheki, naye alitumia ngome, ila yake ilikuwa ya magari ya farasi yaliyounganishwa kwa minyororo. Wakulima wake waliwashinda wapanda farasi wenye deraya kwa kuwa ngome hiyo ilihama, ikasimama alipotaka yeye. Ukuta wa Kalenga haukuhama. Oktoba 1894 Wajerumani walipata umbali na muda walioukosa Lugalo. Walipanga mizinga, wakaushambulia mji, na tarehe 30 wakauteka.

Mkwawa aliponyoka, akarudia vita vya kuvizia kwa karibu miaka 4. Wajerumani waliteketeza vijiji na vyakula ili kumkatia msaada wa watu wake, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, adui akiwa amemkaribia huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Fuvu linaloaminika kuwa lake, lililokuwa Ujerumani, lilirudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Jina la Lugalo leo ni la kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam.