Quesadilla ya soseji na jibini: Ukiwa Mpanda, chapati inatosha ila soseji ichunguze

Video zake zimejaa kwenye simu: chapati nyembamba imekunjwa katikati, ikikatwa tu jibini inavutika kama bigijii. Ni quesadilla, chakula cha Mexico. Jina lake linatokana na neno la Kihispania *queso*, yaani jibini.

Kuipika nyumbani si kazi ngumu. Kwa mkazi wa Mpanda, ambako soseji na jibini za viwandani hufika baada ya safari ndefu, la kuangalia zaidi ni usalama wa vitu hivyo viwili.

Kwa nini sembe haifai?

Quesadilla ya asili hutumia tortilla, mkate bapa wa mahindi. Katavi mahindi yapo kibao, lakini ukikanda sembe na kuisukuma, itakatikakatika. Wamexico huchemsha mahindi kwenye maji yenye chokaa maalumu ya chakula, wakayaloweka, ndipo wakayasaga. Hapo unga unashikana. Usijaribu na chokaa ya kupaka ukuta!

Njia rahisi ni unga wa ngano. Hata kaskazini mwa Mexico tortilla za ngano ni za kawaida.

Mahitaji (watu 4)

- Unga wa ngano vikombe 2
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Mafuta vijiko 2 vya chakula
- Maji ya uvuguvugu
- Soseji 4
- Jibini gramu 200, iliyokunwa
- Kitunguu 1 na hoho 1

Jinsi ya kupika

1. Kanda unga, chumvi, mafuta na maji mpaka ulainike. Funika dakika 20.
2. Gawa madonge 4, sukuma yawe membamba. Usiweke tabaka za mafuta kama chapati za kawaida, maana zitakuwa nene. Choma pande zote bila mafuta.
3. Kata soseji vipande vidogo, kaanga mpaka ndani ziive kabisa. Ongeza kitunguu na hoho.
4. Tandaza jibini nusu ya chapati, weka soseji, kisha jibini tena juu. Jibini ndiyo gundi. Kunja.
5. Rudisha kwenye kikaango kwa moto mdogo, dakika 2 hadi 3 kila upande. Kama ni jiko la mkaa, punguza makaa kwanza. Moto ukiwa mkali, chapati itaungua kabla jibini haijayeyuka.

Jibini inayovutika ni kama mozzarella au cheddar. Ile ya nyumbani, maziwa yaliyokatwa kwa limau, haiyeyuki hata ukiipasha vipi. Ladha utaipata, kuvutika hapana. Ukiitengeneza, chemsha maziwa kwanza, kwani maziwa mabichi yanaweza kuambukiza brusela na kifua kikuu.

Soseji: usiile kutoka kwenye pakiti

Mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa bakteria aina ya Listeria. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walifariki. Chanzo kilibainika kuwa nyama za kiwandani, hasa poloni, soseji nene ambayo wengi huila bila kuipika.

Bakteria huyu ana ujanja mmoja: anaongezeka hata ndani ya friji. Moto ndio unaomuua. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, watoto wachanga na wazee.

Kabla ya kulipia, angalia:

- Tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Pakiti haijavimba wala kutoboka.
- Soseji ni za baridi kweli. Barafu nyingi ndani ya pakiti inaweza kuwa dalili kwamba ziliyeyuka zikagandishwa tena.

Huna friji, au umeme unakatika? Nunua za kupika siku hiyohiyo.

Usizigeuze chakula cha kila siku pia. Mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kula gramu 50 za nyama za kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Soseji ikikutia shaka, iache dukani. Nyama ya kusaga iliyoiva vizuri, kuku wa kuchambua au maharage yaliyokaangwa vinakaa vizuri tu ndani ya chapati hiyohiyo.