Kukonda Kwangu Kuna Ubaya Gani?

Kwetu Pwani, mtu akinenepa huambiwa amependeza, raha zimemkaa. Akikonda huulizwa ana nini. Ndiyo desturi tuliyoikuta. Lakini tangu nipunguze kilo 12 kwa shauri la daktari, nimeona kwamba desturi hii ina miba.

Daktari aliniambia sukari yangu imepanda, ingawa haijafikia kuwa ugonjwa. Nikapunguza mahamri, wali wa nazi na chai ya sukari nyingi, nikawa natembea kila siku baada ya sala ya alfajiri. Si jambo la kubahatisha. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu wa hali kama yangu, wakipunguza uzito kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58.

Lakini arusini hapana anayeuliza habari za sukari. "Maskini, mwenzetu amekwisha!" Mwingine hunong'ona kuhusu UKIMWI, maana tangu miaka ya 1980 kukonda kumefungamanishwa na maradhi hayo. Wa tatu humgeukia mume wangu: ati aninyima chakula, ama ataka kuoa mke wa pili. Hapo ndipo paumapo, kwa kuwa maneno hayo humvunjia heshima mtu asiye na kosa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Mbona hawa wamenitangulia?

Sasa kila mmoja nampa jawabu limfaalo. Bi mkubwa nambusu mkono na kumwambia, "Alhamdulillahi, mama, mimi mzima, niombee dua." Shoga wa kweli namweleza yote, kwani huenda naye akahitaji kupimwa. Mchimbaji wa habari namjibu, "Nimepunguza mahamri, sikupunguza furaha," kisha namuuliza habari za watoto wake.

Sisemi watu wasijuliane hali. Anayekonda bila kukusudia na aende hospitali upesi, kwani kisukari chenyewe na kifua kikuu huweza kuanza hivyo. Lakini mwenye kumwonea huruma mwenziwe amwite kando, amuulize kwa upole. Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat imefananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Nyama hiyo, jamani, hata ikipungua kilo 12, ni haramu vile vile.