Muziki Garini: Hesabu Kwanza, Ngoma Baadaye



Bila shaka wengi wenu mmepata kupanda daladala ambalo muziki wake husikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Huenda pia mmeona jinsi taa zake zinavyofifia kila ngoma inapodunda. Nia yangu katika makala haya ni kueleza sababu ya jambo hilo, na jinsi mtu awezavyo kuweka muziki garini bila ya kuuelemea umeme wa gari. Mimi si fundi; nimejifunza haya kwa kosa langu mwenyewe.

Likizo ya Desemba 2024 nilikuwa kwa mjomba wangu mjini Morogoro. Mjomba ana Toyota Hiace ya abiria, na gari hilo ndilo linalonilipia mahitaji yangu ya shule. Alinunua amplifaya na spika mbili kubwa, nami, kwa kuwa nilifaulu vizuri Fizikia, nikamwomba aniachie kazi ya kuzifunga. Nilichukua waya mwembamba wa taa za nyumbani, nikauunga kwenye sanduku la fyuzi, nikaupitisha chini ya zulia mpaka kiti cha nyuma. Fyuzi ikakatika mara mbili. Badala ya kutafuta sababu, niliizungushia karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Siku ya tatu, gari likiwa limejaa abiria, moshi ukatoka chini ya viti. Watu wakarukia madirishani, na bibi mmoja akaumia goti. Kwa rehema ya Mungu kondakta aliwahi kuchomoa waya wa betri, na moto haukuwaka. Mjomba hakunipiga. Aliniuliza tu, "Mpwa wangu, ulipiga hesabu?" Sikuwa na jibu.

Basi hesabu yenyewe ni hii. Betri ni kama mtungi wa maji: huweka akiba, na kazi yake kubwa ni kuwasha injini. Altaneta, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda, ni kama mchota maji: hulisha taa, redio na vitu vingine vyote wakati injini inanguruma, kisha huujaza mtungi tena. Altaneta ya mjomba imeandikwa ampea 70. Lakini kiasi hicho hupatikana injini ikienda kasi. Ikinguruma polepole kituoni, huenda isitoe hata nusu yake.

Tulifundishwa kwamba wati ni volti mara ampea. Injini ikienda, umeme wa gari huwa karibu volti 14. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110, yaani ampea 8 hivi. Nilipoongeza taa nyingine, feni, vifuta kioo na umeme wa injini yenyewe, nilipata kama ampea 35 kwa usiku. Amplifaya je? Msisadiki maandishi ya sandukuni. Sanduku la mjomba lilisema wati 2000, lakini fyuzi ya amplifaya ilikuwa ya ampea 40. Ampea 40 mara volti 14 ni wati 560 zinazoingia, na katika amplifaya za namna ya zamani karibu nusu yake hupotea kwa joto. Sasa jumlisheni: 35 na 40 ni 75. Hata barabarani altaneta huzidiwa ngoma zinapodunda. Kituoni hali ni mbaya zaidi, na betri ndiyo hulipa deni. Hiyo ndiyo maana ya taa kufifia. Betri inayodaiwa kila siku hufa mapema.

Sasa habari ya waya. Waya wangu ulikuwa wa milimita za mraba 1.5 na urefu wa mita 5. Ukinzani wake ni kama omu 0.058. Ampea 40 zikipita humo, volti 2.3 hupotea njiani, na wati 93 hugeuka joto. Ni kama kuficha balbu ya moto ya wati 100 chini ya miguu ya abiria! Waya wa shaba wa milimita za mraba 16, kwa urefu uo huo, hupoteza volti 0.2 tu, na wati 9.

Kwa hiyo, mtu anayetaka kufunga muziki garini yampasa afuate haya:

Kwanza, ajumlishe ampea zote kabla ya kununua kitu. Amplifaya za daraja D hupoteza umeme kidogo zaidi. Pia achague spika zenye sauti kubwa kwa umeme mdogo: spika inayozidi nyingine kwa desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili.

Pili, achomoe waya hasi wa betri kabla ya kuanza kazi.

Tatu, atoe waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na aweke fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi hiyo hulinda waya, wala haipasi kuzidi uwezo wa waya huo.

Nne, waya wa kurudisha umeme uwe mfupi na mnene vilevile, ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi.

Tano, apime kwa mita. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma kama volti 12.6, injini ikienda, kati ya 13.8 na 14.4. Muziki ukiishusha chini ya 13 kwa muda mrefu, apunguze sauti au atafute altaneta kubwa zaidi. Betri ya pili huongeza akiba tu. Haiongezi mchota maji.

Sita, asipige muziki mkubwa injini ikiwa imezimwa. Amplifaya ile ikila wastani wa ampea 13, betri ya ampea-saa 60 hufika nusu kwa saa mbili na zaidi kidogo, na kesho yake gari litasukumwa.

Fundi wa mjomba alifunga upya vyombo vyote, nami nikamshikia taa. Kisha nilikwenda kumwomba radhi yule bibi. Alinisamehe, akaniambia nisiache kusoma. Siku hizi muziki wa mjomba ni wa chini kuliko wa wenziwe, lakini taa zake hazififii, na fedha za shule zimefika.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Fyuzi ikikatika inatuuliza swali, tusiizibe mdomo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne