Chakula cha Ndegeni na Imani ya Abiria

Mashirika mengi ya ndege yanayokwenda nchi za nje humruhusu abiria kuchagua mlo unaolingana na dini yake. Mlo wa Kiislamu una alama ya herufi nne, MOML. Wa Kihindu ni HNML, na wa Kiyahudi ni KSML. Alama hizi hutumika karibu dunia nzima, kwa hiyo wakala wa tiketi aliyeko Dar es Salaam na mpishi aliyeko Ulaya huelewana bila maelezo marefu. Kinachotakiwa ni abiria aombe mapema, kwa kawaida si chini ya saa 24 kabla ya safari.

Shangazi yangu wa Mwandiga, Kigoma, aliomba wiki tatu kabla. Alikuwa anakwenda Ulaya kumwona mwanawe, nami nikafuatana naye. Herufi zote nne zilikuwa kwenye karatasi ya tiketi. Lakini tulipokuwa angani aliwekewa mkate uliotiwa vipande vya nyama ya nguruwe. Nilipomwonyesha mhudumu ile karatasi, alijibu kwamba milo maalumu haikupakiwa. Kisha, kwa upole kabisa, akashauri mama aitoe nyama, ale mkate.

Chakula kusahauliwa ni jambo linaloeleweka. Ombi la mlo huwekwa kwenye kumbukumbu ya tiketi, na jiko la uwanja wa ndege hupika kwa kufuata kumbukumbu hiyo. Ndege ikibadilishwa dakika za mwisho, au abiria akihamishiwa shirika jingine, zile herufi huweza kubaki nyuma. Sisi wa Kigoma tumo hatarini zaidi, maana hatufiki Ulaya kwa ndege moja. Lazima tubadilishe Dar es Salaam, na mara nyingi tena mahali pengine.

Jibu la mhudumu ndilo lisilosameheka kirahisi. Kwa shangazi, mkate uliolaliwa na nyama ile ni najisi kama nyama yenyewe. Hajali kama ni kipande au ni harufu. Alirudisha sinia, akanywa maji na kula tende alizofunga kwenye ncha ya kanga. Hakusema neno. Niliyesema ni mimi, na baadaye nikaandika barua. Shirika lilijibu kwa kuomba radhi kwa "usumbufu", likatoa punguzo la nauli kwa safari ijayo. Nguruwe hakutajwa, wala dini haikutajwa. Ungedhani tulilalamikia kiti kibovu!

Shirika linaweza kujibu hivyo kwa sababu sheria hailibani. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania imeuridhia, unahusu abiria aliyefariki au kuumia mwili, mzigo uliopotea au kuharibika, na safari iliyocheleweshwa. Begi likiharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipolipokea. Imani iliyodharauliwa haimo. Hapa nchini lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, na abiria anaweza kupeleka lalamiko lake huko. Nashauri apeleke, japo fidia asiitarajie sana.

Kwetu Mwandiga mambo haya hayahitaji herufi. Mkristo mwenye harusi humwita jirani yake Mwislamu achinje, ili wageni wote wale chungu kimoja. Desturi hiyo haikuandikwa na mtu, lakini ina kazi kubwa. Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivunjwa Dar es Salaam na watu wakakamatwa. Aliyeyaona hayo hawezi kusema kwamba habari ya nyama ni jambo dogo.

Kwa hiyo, unayemsafirisha mzazi, pigia shirika simu siku moja kabla ulihakikishe ombi. Kwenye kaunta ya uwanja uliza tena. Ukihamishiwa ndege nyingine, omba upya, usidhani ombi limekufuata. Na umfungie mzee chakula chake.

Nasi tumeandika barua ya pili. Hatukuomba fedha. Tumeomba wahudumu waelezwe kwamba, mlo maalumu ukikosekana, abiria aulizwe anachoweza kula, asiambiwe achambue. Hadi leo hatujajibiwa.