Kubadilisha anwani ya wifi: inafanyikaje, na haifichi nini

Hapa Muheto na kwingine Masisi, vijana wanaonunua muda wa wifi wanaulizana kuhusu "kubadilisha MAC". Wengine wanaamini kwamba ukishaibadilisha, hakuna awezaye kujua uliko. Katika eneo lenye vita, imani hiyo inaweza kumponza mtu. Basi tuelewe jambo lenyewe.

Kila kifaa cha wifi kina anwani ya alama 12, tarakimu na herufi, iitwayo MAC. Sita za kwanza hutambulisha kiwanda, sita za mwisho kifaa chenyewe. Kiwanda huihifadhi ndani ya kifaa. Unapowasha wifi, programu ndogo inayokiongoza, ambayo mafundi huiita draiva, huisoma anwani hiyo na kuitia katika kila ujumbe unaotumwa hewani. Kwa hiyo fundi anaweza kuiagiza draiva itumie anwani nyingine. Kwenye kompyuta ya Linux huzima wifi, huandika anwani mpya kwa amri ya ip link, kisha huiwasha. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, kwa kawaida ile ya kiwandani hurudi. Baadhi ya draiva hukataa kabisa.

Jambo hili si baya lenyewe. Simu nyingi za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, hujipa zenyewe anwani tofauti kwa kila wifi, ili mtu asifuatwe nyendo zake kutoka wifi moja hadi nyingine.

Lakini MAC huishia kwenye mtambo wa wifi ulio karibu nawe. Kampuni ya simu hukutambua kwa SIM na kwa IMEI, namba ile iliyotumika kwa kodi ya RAM iliyoanza 2020 na kufutwa 2022. Simu yako ikiwa imewashwa na ina SIM, minara inaijua, hata kama MAC ni mpya.

Kuna pia wanaonakili MAC ya mtu aliyelipa ili watumie muda wake. Huo ni wizi. Tena vifaa viwili vyenye anwani moja huvurugana, na aliyelipa hukosa mtandao. Huenda ni mama anayetafuta habari za wanawe waliokimbia vita.

Acha simu yako ijichagulie anwani, nawe lipia muda wako.